Kisigino cha Dada

Katibu wa klabu ya riadha aliniita magharibi, nije na nyundo, misumari na gundi. Kesho wageni wanakuja kuona viatu walivyokimbilia wanawake wa zamani, akaniambia, na kimoja hakina kisigino. Nikipachike, basi.

Vilipangwa kwenye kabati la kioo. Mbele raba za turubai. Nyuma vile vya zamani kabisa, vya ngozi, vyenye visigino kama vya kwendea harusini. Wazee wa klabu wa enzi hizo walikata shauri kwamba mwanamke akikimbia na kiatu bapa ataonekana dume. Wao walikaa kivulini na raba zao, wakipiga makofi.

Katibu alitoka kupokea simu. Nikakigeuza kiatu.

Mishono ilikuwa yangu.

Mimi hushona kwa mkono wa kushoto, uzi hulala upande usio wa wengine. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikifanya kazi chini ya baba, fundi wa klabu. Siku moja kabla ya mashindano dada yangu alinibembeleza nivikate visigino vyake. Nikamwogopa baba, nikaviacha. Kesho yake, kwenye kona ya mwisho, kimoja kilivunjika, akaangukia ukingo wa zege kwa kichwa. Hakuamka tena.

Nikagonga msumari wa kwanza... wa pili...

Harufu ya dawa ya kuchua ikajaa chumba. Ile aliyojipaka dada kila jioni. Nikaingiza vidole ndani ya kiatu ili nikishike vizuri.

Kulikuwa na joto... na jasho bichi.

"Mdogo wangu," sauti ilininong'oneza sikioni, bila hasira. "Kata."

Kisu changu cha kazi kilikuwa mapajani pangu. Baba ana miaka ishirini kaburini.

"Umemaliza, mama?" Katibu alikuwa amesimama mlangoni.

"Nimemaliza," nikasema, nikamkabidhi kiatu kikiwa na kisigino chake. Kijana ambaye ningeweza kumzaa, nikamwogopa vilevile. Najichukia kwa hilo.

Njiani, nyuma yangu... ko... ko... ko. Mtu anakimbia. Nilipopita kona, nikasikia kishindo cha mwili. Kimya. Halafu akainuka, akaanza upya.

Huu mwezi wa tatu. Kila magharibi anaizunguka nyumba yangu, na kila kona anaanguka.

Jana nilirudi klabuni kumwomba katibu kile kiatu, nikirekebishe kidogo tu.

"Kimependeza hivyo hivyo, mama," akasema. "Tukiache."

"Haya," nikasema, nikaondoka.