Cherehani ya Madhabahuni

— Cherehani yangu iko wapi?

Mume wangu hakuinua uso. Alikuwa anapaka viatu rangi, na viatu vyenyewe vilikuwa vinang'aa tayari.

— Fundi, kaa kwanza.

— Sikai. Iko wapi?

Kila mtu huniita Fundi, hata yeye, tangu siku aliponiletea suruali iliyochanika akaondoka na namba yangu ya simu. Mezani kwangu vilibaki vipande vya uzi tu.

— Nimeitoa sadaka leo ibadani, ulipokuwa kwa mteja. Mchungaji alisema tusimpe Mungu makombo. Tutoe kitu kinachouma.

— Kinachomuuma nani?

Akachovya brashi kwenye rangi.

Nilidhani nitapiga kelele. Wapi! Mwili mzima ulikufa ganzi. Nikaanza kukunja vitambaa vya wateja.

— Fungu la kumi tunatoa kila mwezi, sijawahi kukupinga. Lakini ile nilishona mashuka ya hospitali miaka mitatu ndipo nikainunua. Pikipiki yako iko uani, unaiogesha kila Jumamosi kama bwana harusi. Hukuiona?

— Watu walisimama, Fundi. Walinipigia makofi.

Wiki nzima tukaishi kama wapangaji. Nilipika, nikaitikia salamu, basi. Akiwa safarini na lori lake alinitumia ujumbe: "Nigombeze hata kidogo." Nikajibu: "Sina hasira. Sina kitu."

Ijumaa mteja wa gauni la harusi akaja kuchukua kitambaa chake.

— Pole, dada. Harusi haingoji.

Jioni mume wangu alirudi, akawa uani na pikipiki yake. Nikampigia dada yangu.

— Jumatatu nahamia kwako.

— Na mumeo?

— Atabaki na makofi yake.

Jumapili nilienda ibadani kwa mazoea tu. Cherehani yangu ilikuwa mbele, imefungwa utepe. Wakati wa shuhuda mume wangu akasimama. Mtu anayeendesha lori la tani thelathini, ameshikilia benchi la mbele kama mtoto anayejifunza kutembea!

— Wapendwa, Jumapili iliyopita mlinipigia makofi. Nilitoa mali ya mke wangu bila kumwuliza. Ile haikuwa sadaka, ulikuwa wizi. Naomba niirudishe kwa mwenyewe.

Mama mmoja nyuma yangu akaguna. Mchungaji akajikohoza.

— Sasa wewe, ndugu, umemtolea Bwana nini?

— Hii aibu, Mchungaji. Hii ni yangu mwenyewe.

Mchungaji akainamisha kichwa, akaufungua utepe kwa mkono wake.

Mume wangu akaibeba kifuani, akapita katikati ya watu wote wakimtazama, akasimama kwenye benchi langu. Jasho linamtiririka.

— Nilikusikia kwenye simu na dada yako, akanong'ona. Niambie tu, Fundi. Niipeleke kwake, au nyumbani?

Ganzi ikianza kutoka huuma kuliko kitu chochote. Nililia mbele ya kanisa zima, kamasi na vyote, bila hata leso.

— Nyumbani, nikasema. Na ishike vizuri, usinivunjie sindano.