Ukijani wa Tangi la Anneth

Jumamosi ile duka la dawa la mzee Reginald, hatua chache kutoka Soko Kuu la Arusha, lilijaa watu mpaka barazani. Ilikuwa Julai ya mwaka 2002, baridi imekaza, na nusu ya mji ilikuwa inakohoa. Pudensiana alikuwa peke yake nyuma ya kaunta, koti jeupe amelifunga vifungo vyote hadi shingoni, akihesabu vidonge huku akiwajibu watu watatu kwa wakati mmoja.

Mwanaume mrefu mwenye sweta la rangi ya ugoro akanyoosha shingo juu ya vichwa vya wenzake. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini, na mvua haikuwa imenyesha.

"Samahani, dada. Naomba haidrojeni peroksaidi, na bomba la sindano. Sindano yenyewe sitaki."

Watu wakageuka kumtazama. Mama mmoja akavuta mkoba wake karibu na kifua.

"Unamtibu nani?" Pudensiana aliuliza.

"Majani."

"Majani gani?"

"Yaliyo chini ya maji. Yameota ndevu."

Duka zima likaangua kicheko. Pudensiana hakucheka. "Kaka, hapa tunatibu wagonjwa. Mwenye ndevu aende kwa kinyozi."

Mwanaume yule akatabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa na aibu kidogo, ndiyo maana lilimwingia Pudensiana. Alisubiri mpaka foleni ikapungua, kisha akaeleza. Jina lake Abdiel, mtu wa Kikwe. Kazi yake kutunza matangi ya samaki wa mapambo katika hoteli na ofisi za watu. Aliisomea kwa vitendo kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akisafirisha samaki kutoka Kigoma. Tangi lenye mimea ndani likipata mwanga mwingi na chakula kingi, mwani huota juu ya majani, mweusi kama ndevu.

"Nikiudondoshea dawa hii kwa bomba, kidogo kidogo, unageuka mwekundu, kisha mweupe, unakufa. Samaki hawadhuriki, mradi dawa iwe nyepesi."

"Na ikiwa kali?"

"Ikiwa kali, nimeua tangi zima."

"Hii yetu ni kali. Inaunguza hata ngozi. Itabidi nikuchanganyie na maji."

"Nichanganyie basi, daktari."

"Mimi si daktari."

"Kwangu umeshakuwa."

Alirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena. Dawa ile haiishi haraka kiasi hicho, na Pudensiana alijua. Wiki ya nne Abdiel alikuja na sweta jipya la bluu, amenyoa, ananukia sabuni, hakununua kitu. Aliomba namba ya simu.

Wakawa wanapigiana. Yaani Abdiel anapiga, Pudensiana anabipu.

"Mbona unabipu kila siku, mpenzi? Vocha zote nimalize mimi?"

"Si wewe ndiye mwenye shida?"

"Nyie watu wa Kibosho mnajua kubana."

"Nyie Wameru mnajua kulalamika. Niambie, leo umeoga au umelowa tu?"

Jumapili moja baada ya ibada Abdiel alimpeleka kuona tangi alilolipanga mwenyewe katika kliniki ya daktari wa meno. Pudensiana alikaa mbele ya kioo kwa muda mrefu. Majani yalikuwa mabichi kama bustani iliyomwagiwa maji sasa hivi. Mengine yalitoa vipovu vidogo vilivyopanda kama shanga. Abdiel alimwonyesha chupa ya sukari na hamira iliyofichwa nyuma, inayochacha taratibu na kuyapelekea majani hewa yanayoitaka.

"Majani yakishiba, mwani unakosa nafasi," alisema. "Taa saa nane tu kwa siku. Theluthi ya maji nabadilisha kila wiki. Chakula kiasi cha kwisha papo hapo. Hakuna uchawi."

"Mbona unaongea kwa upole hivi? Utadhani una watoto humo ndani."

"Nikiwa na watoto nitaongea kwa upole zaidi." Akamtazama. Pudensiana akajifanya anahesabu samaki.

Mambo yakawa mazuri hadi Septemba, Abdiel alipopata kazi kwa Anneth.

Anneth alikuwa na mgahawa upande wa Njiro, wenye bustani na viti vya ukindu, wanakokula wageni na watu wa maofisi. Tangi lake lilikuwa kubwa kuliko yote aliyowahi kuyashika Abdiel, limesimama pale mlangoni ambapo kila anayeingia analiona. Tangi lile lilikuwa na ukijani usiosikia. Abdiel anasugua kioo Jumatatu, Alhamisi kimekuwa kijani tena. Anapunguza chakula, anaongeza mimea, anaweka konokono wa kula mwani, anafunika dirisha kwa pazia. Wiki haiishi, nyuzi za kijani zimeshafunga majani yote.

Akaanza kwenda mara tatu kwa wiki, kisha mara nne.

"Uko wapi?" Pudensiana anauliza kwenye simu.

"Kwa Anneth."

"Jana pia ulikuwa kwa Anneth."

"Ukijani umerudi, laazizi. Sielewi. Nimefanya kila kitu."

"Labda anaukaribisha."

Abdiel akacheka. Pudensiana hakuwa ametania. Siku hizo alianza kunusa sweta lake wanapokumbatiana. Jumapili moja, Abdiel akiwa ameenda kununua mahindi ya kuchoma, simu yake ililia ujumbe, na Pudensiana akausoma: *Abdiel njoo kesho mapema. Bila wewe tangi hili litanishinda. Anneth.* Maneno ya kawaida kabisa. Aliyasoma mara sita, na kila mara neno "bila wewe" liliongezeka uzito.

Jumatano akaamua kwenda mwenyewe. Alipeleka chupa ya dawa ambayo Abdiel angeifuata jioni. Alivaa gauni lake la kitenge cha njano, akapaka mdomo rangi, akajiambia kwamba anapita tu.

Alimkuta Abdiel amezamisha mkono ndani ya tangi hadi kwapani. Pembeni yake alisimama Anneth, gauni la zambarau limemkaa kama limeshonewa mwilini, hereni za dhahabu, kucha ndefu. Abdiel alipotoa mkono, Anneth alichukua taulo akaanza kuufuta, polepole, toka begani hadi vidoleni. Na Abdiel akamwacha afute.

Kisha Anneth akamwona mgeni. "Karibu. Huyu ni nani, Abdiel?"

Pudensiana alisubiri. Lilikuwa swali la neno moja.

"Ni dada wa duka la dawa," Abdiel alisema. "Ndiye anayenichanganyia dawa."

"Aa, asante sana, dada," Anneth akasema, akapokea chupa, akageuka.

Pudensiana alitembea kwa miguu kutoka Njiro hadi Mnara wa Saa bila kuhisi njia. *Dada wa duka la dawa.* Chumbani kwake Sombetini, sufuria ya maharage iliungua mpaka jirani akagonga mlango. Abdiel alipopiga, akamjibu kwa sauti ya kawaida, tamu hata kuliko kawaida.

"Umechukia?"

"Nichukie nini? Mimi si dada wa dawa tu?"

"Pude, nitakueleza. Pale si mahali pa kueleza."

"Usijali. Ijumaa pitia dukani, nitakuwekea chupa nyingine."

Ijumaa asubuhi Pudensiana alichukua chupa tupu. Akaijaza dawa kali kutoka kwenye dumu. Mkono wake ukaenda kwenye maji ya kuchanganyia, ukasimama. Alijiambia kwamba majani tu yataungua. Tangi litachafuka, Anneth atakasirika, atamfukuza Abdiel, na habari ya mgahawa ule itaishia hapo. Akafunga kifuniko bila kutia maji. Akabandika karatasi ileile ya siku zote, kwa mwandiko uleule wa siku zote.

Abdiel aliipitia saa tatu, akaenda nayo Njiro. Saa nane mchana simu ililia.

"Pude." Sauti ya Abdiel ilikuwa imepasuka. "Wamekufa. Wote. Walipanda juu wanatweta, nikabadilisha maji, nikabadilisha tena... Wameniishia mikononi, Pude, na watu wamejaa wanakula, wananitazama."

"Labda... labda ni maji."

"Ni mimi. Nimekosea vipimo. Ngozi ya vidole vyangu imekuwa nyeupe, hata sijui nilitia kiasi gani."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Alisema, "Pole, mpenzi," akakata simu.

Habari ilienea upesi. Ndani ya wiki moja hoteli mbili zilimwambia Abdiel asirudi. Daktari wa meno naye akasema atatafuta mtu mwingine. Abdiel hakumlaumu yeyote. Alimpigia Pudensiana mara moja tu, akiwa amefunga mizigo.

"Narudi Kikwe kwa mama. Kazi hii nilidhani naijua, kumbe ukijani wa tangi moja umenishinda, na katika kuuondoa nimeua samaki. Wewe baki salama. Sitaki uolewe na mtu asiye na kazi."

"Abdiel, ngoja..."

Simu ilikuwa imeshakatwa. Alipopiga, haikupatikana.

Kesho yake Pudensiana aliomba ruhusa ya nusu siku, akaenda Njiro. Safari hii hakupaka rangi mdomoni. Anneth alikuwa ameketi peke yake mbele ya tangi tupu, kanga kiunoni, macho yamevimba.

"Dada, mimi ndiye niliyewaua samaki wako," Pudensiana alisema akiwa bado amesimama. "Nilimpa Abdiel dawa kali kwa makusudi. Yeye hakujua. Mimi si dada wa dawa, ni mchumba wake, au nilikuwa. Nilikuona unamfuta mkono nikaona wivu. Nilitaka umfukuze."

Anneth alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Unajua nikimwambia mzee Reginald, leo hii huna kazi?"

"Najua. Nitamwambia mwenyewe. Ila nakuomba uwaambie wale wa hoteli kwamba kosa si la Abdiel."

Alitarajia matusi, hata kofi. Badala yake Anneth akafunika uso kwa viganja.

"Kaa," alisema. "Kaa, unanitia kizunguzungu. Umewahi kujiuliza kwa nini ukijani ule haukuisha?"

"Abdiel alijiuliza kila siku."

"Alikuwa akiondoka, mimi nafungua pazia, jua lote linapiga humu. Taa nawasha toka alfajiri. Chakula nawamwagia konzi nzima." Aliongea akitazama sakafu. "Mume wangu aliniacha miaka miwili iliyopita. Hakuna mwanaume aliyeingia humu akaongea kwa upole namna ile, hata kama alikuwa anaongea na samaki. Nilitaka arudi. Siku moja nilimwambia wazi kwamba namtaka. Akaniambia ana mtu wake. Hakunitajia nani."

Pudensiana alishika ukingo wa kiti. "Alikwambia ana mtu?"

"Alisema. Mimi ndiye sikukubali kusikia."

Wakakaa wawili mbele ya kioo kile kitupu, kila mmoja na lake, wasipendane wala kuchukiana. Kisha Anneth akainua simu, akaanza na hoteli ya kwanza.

Mzee Reginald hakumfukuza Pudensiana. Alimsimamisha mwezi mzima, akamnyang'anya ufunguo wa stoo ya dawa, akamwambia kwamba angekuwa mtoto wa binadamu aliyekunywa dawa ile, wangekuwa wanaongea mahabusu. Pudensiana aliyameza maneno hayo yote. Jumamosi akaenda Kikwe.

Alimkuta Abdiel shambani, mabuti ya mpira, akifungulia maji ya mfereji kwenye matuta ya maharage. Mama yake alikuwa mbali kidogo, anapalilia. Mlima Meru ulikuwa wazi hadi kileleni. Pudensiana alisema yote kwa mkupuo, kwa sababu alijua akipumzika atashindwa: dawa, chupa, karatasi, uongo wa simu. Akamweleza na ya Anneth.

Abdiel alisikiliza bila kuacha kushika jembe. Maji yakajaa tuta moja, yakafurika la pili, hakuyaona.

"Nililala siku ngapi nikijiona muuaji?" aliuliza hatimaye.

"Kumi na tano."

"Umezihesabu."

"Kila moja."

"Na ulikuwa unaniambia pole." Sauti yake haikupanda, na hilo lilimwumiza Pudensiana zaidi. "Mngeniuliza. Nyote wawili mngeniuliza tu. Mmoja ananiharibia kazi ili nirudi, mwingine ananiharibia kazi nisirudi. Mimi nilikuwa nani hapo katikati?"

"Na wewe uliniita dada wa dawa," Pudensiana alisema huku machozi yanamtoka. "Sisemi ili nijitetee. Nasema kwa sababu linaniuma mpaka leo."

Abdiel akakaa juu ya ukingo wa mfereji.

"Hilo ni langu," alikiri. "Anneth aliahidi kunipeleka kwa wenye hoteli anaowafahamu. Nilimwambia nina mtu, lakini nikaogopa kumwonyesha wewe uso kwa uso, asije akanifungia milango. Niliona haya siku ileile. Nilitaka kukueleza, nikaendelea kuahirisha."

"Nina wivu, Abdiel. Sitakudanganya kwamba umekwisha. Hata kesho nitakuwa nao."

"Basi useme. Piga simu, usibipu, useme: Abdiel, leo nina wivu. Nitakujibu. Lakini ukinyamaza tena ukanitabasamia, sitakaa na wewe hata siku moja."

"Nitasema."

"Apa."

"Naapa."

Mama akawa amefika, jembe begani, anamtazama mgeni mwenye viatu vya mjini vilivyojaa tope.

"Shikamoo, mama," Pudensiana alisema, akipiga goti.

"Marahaba. Abdiel, maharage yanazama, wewe unakaa. Huyu ni nani?"

Abdiel alisimama. Safari hii hakutafuta neno.

"Ni Pudensiana, mama. Ndiye niliyekwambia nataka kumwoa. Amenikosea sana, na mimi nimemkosea, na bado nataka kumwoa. Ana wivu."

Mama alimpima Pudensiana toka kichwani hadi kwenye tope. "Wa kiasi gani?"

"Mwingi, mama," Pudensiana alijibu.

"Afadhali umesema mwenyewe," mama alisema, akamkabidhi jembe. "Vua viatu hivyo, tuyaokoe maharage kwanza. Ya harusi tutaongea tukishakula."