Kiatu cha Ngozi ya Fahali

Zama zile watu wa Norwe walikuwa hawana jina la ukoo. Kila mtu aliitwa kwa babaye: mwana wa Havard alikuwa Havardsson, basi, na watoto wake yeye wangebeba jina lake, si la babu. Ketil peke yake hakuwa na la kubeba. Mamaye alikuwa mjakazi, na bwana Havard, aliyemzaa, hakuwahi kumkiri mbele ya watu. Miaka thelathini Ketil alimshikia ngao baba ambaye yeye Ketil hakuthubutu kumwita baba.

Siku ya arobaini ya kuzingirwa, ngome ya Havard ilikuwa taabani. Wanawe wawili wa ndoa walikwisha zikwa thelujini, na walio hai walikuwa wakitafuna mikanda. Asubuhi hiyo adui yao, mtawala Orm, alinguruma nje ya lango:

"Watumwa na wapambe watoke salama! Nimtakaye ni Havard na kila aitwaye Havardsson!"

Wote wakamgeukia Ketil. Yeye alikuwa huru kwenda zake. Ng'ambo ya mto mkewe Gyda alikuwa akimngoja, mja mzito.

Havard akaja akijikongoja, ubavu wake unavuja damu. Akaamuru fahali wa mwisho, aliyekatazwa kuguswa hata kwa njaa, achinjwe.

"Nyama ni yenu, mpate nguvu ya kutembea," akasema. "Mimi nipeni ngozi ya mguu wa nyuma wa kulia."

Kila mtu aliijua desturi ile: ngozi hiyo hushonwa kiatu, baba hutia mguu kwanza, kisha yule anayemkiri kuwa mwanawe.

Kiatu kiliposhonwa, Havard akatia mguu wake, kisha akamsogezea Ketil. "Ukivaa, utakufa nami," akamwambia. "Usipovaa, sikulaumu."

Ketil alishikwa na hasira. "Ungenipa hiki nilipokuwa napigwa mawe uani pako, bwana!"

"Niliona haya," mzee akajibu, machozi yakimtoka. "Na leo naona haya zaidi."

Ketil alimfikiria mtoto aliye tumboni. Akatia mguu. Kiatu kilikuwa bado na joto la mnyama.

"Niite, baba."

"Ketil Havardsson!"

Wapambe walipokwisha kutoka, wawili hao walisimama langoni bega kwa bega. Adhuhuri haikuwakuta hai.

Jina lile Ketil alikaa nalo asubuhi moja tu, na mtoto hakulirithi. Gyda alijifungua mwana, akaitwa Ketilsson. Na kila alipoulizwa babaye alikuwa mwana wa nani, alijibu kwa sauti, bila kuinamisha kichwa.