Mteja wa Dirisha la Tatu

Mashine ya foleni iliita namba ambayo hakuna aliyeikata. Wateja walitazamana, mama mmoja wa Gwata akaikagua karatasi yake, kisha kila mtu akarudi kwenye simu yake. Kwenye dirisha la tatu alikaa Kristina, karani mdogo kuliko wote katika tawi lile la benki pale Kibaha. Yeye peke yake aliinua uso, akatabasamu, akasema, "Habari za asubuhi, baba. Nikusaidie nini?"

Mbele yake hapakuwa na mtu.

Dada yake, Flora, ndiye aliyekuwa meneja wa tawi. Aliyaona hayo kupitia kioo cha ofisi yake, akahisi anajua ni nani anayesalimiwa.

Wala tusimwonee huruma huyo Flora. Tajiri Mfaume, mwenye malori na machimbo ya kokoto Kisarawe, alitaka ubunge. Tajiri Evance, mwenye vituo vya mafuta, naye aliutaka ubunge uleule. Wote wawili walikuwa na fedha ambazo hawawezi kueleza zilikotoka, na fedha za namna hiyo hupitishwa kwanza benki zitakate ndipo ziende kununua wajumbe. Mfaume alimwendea Flora, akitaka akaunti kwa jina la mtu ambaye Evance hatampata kumhonga, wala polisi hawatampata kumhoji. Jina alikuwa nalo. Mama yake kule Chole, hukohuko Kisarawe, alikuwa na jini, na tangu utotoni Mfaume alilisikia likijitaja ngomani: Sefudini Mwakame. Alilitamka huku akicheka. Flora, Mlutheri wa Maneromango aliyelelewa kuyaona majini ni upuuzi wa majirani, naye akacheka. Kitambulisho cha bandia kikatengenezwa.

Benki ilitaka karani athibitishe kwamba amemwona mteja kwa macho yake. Flora hakutaka sahihi yake ionekane pale, akamwita mdogo wake.

"Saini tu, Kristi. Ni mteja mkubwa, hana muda wa kukaa foleni."

Kristina akasaini, na fedha za Mfaume zikaingia. Flora ndiye aliyemsomesha, akamtafutia kazi, na nyumba waliyoishi ilikuwa ya Flora. Angekataaje?

Tangu asubuhi ile ya dirishani, Kristina akawa ananuka udi na jivu lililolowa. Akawa anapasua mayai mabichi na kuyanywa amesimama jikoni, na Flora akimsemesha anajibiwa na sauti nzito ya mwanamume asiyekuwa na haraka. Siku ya Ijumaa, mchana kweupe, sauti ile ilikatika ghafla na Kristina mwenyewe akatokeza, akamshika dada yake mkono.

"Dada, kuna mtu humu ndani yangu," alinong'ona. "Anasema ameletwa na wewe. Usiniache naye."

Flora akawasha gari, akaenda Chole.

Bi Swaumu, mama yake Mfaume, alikuwa uani anapepeta mchele. Hakuonekana kushangaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa benki." Akaweka ungo chini, akapunguza sauti. "Miaka yote alikuwa kwangu. Hataki makuu, ni ubani na uji mweupe, basi. Sasa kanihama. Mwanangu kampa mali, na huyo binti kasaini karatasi za serikali kwamba kamwona. Sisi, jini hatumpi kitu kabla ya kupatana naye atakaa kwa nani. Nyie hamkupatana. Aliyesema amemwona ndiye kampokea."

"Anatokaje, bibi?"

"Kwa mlango alioingilia. Wewe uliyemtuma mwenzio ukasimame mbele ya hao wa serikali, useme hayupo, hamjapata kumwona, mali si yake. Atakosa mwenyeji, ataondoka. Lakini mkimthibitisha mara ya pili, mwanangu, msinifuate tena."

Njia nzima Flora aliapa kwamba atasema, hata kama ni jela.

Nafasi ilikuja Jumatatu. Evance alikuwa amemchongea mwenzake, na maofisa wawili wa serikali kutoka Dar wakaingia ofisini kwa Flora kuuliza habari za akaunti ile. Mfaume alikuwa ameshapiga simu. "Ukisema, utaingia ndani peke yako," alimwambia. "Mimi sina sahihi hata moja hapo."

Kristina alikaa ubavuni kwa dada yake, amemkamata vidole kama mtoto anayevuka barabara.

"Meneja," ofisa mmoja alisema, "huyu Sefudini Mwakame mlimwona?"

Flora alifungua mdomo kusema hapana, na neno lilikuwa tayari ulimini, lakini harufu ya udi ikajaa ofisi nzima na akaiona pingu, akaliona jina lake likisomwa redioni, akawaona washarika wa Maneromango wakigeuka kumtazama mama yake ibadani, akasikia vidole vya mdogo wake vikimbana zaidi na zaidi mpaka mifupa ikauma, na akajiambia kwamba atatafuta mganga mwingine, wapo wengi, lazima yupo anayeweza.

"Tulimwona," alisema. "Ni mteja wetu."

Vidole vikamwachia. Udi ukatoweka.

"Alikuja hata wiki iliyopita," Kristina alisema kwa sauti yake laini. "Mzee mpole sana." Akawaeleza sura, kanzu na hata mwendo, mpaka maofisa wakaridhika wakaaga.

Mchana Mfaume alipotaka fedha zihamishwe, Kristina ndiye aliyepokea simu. "Fedha zipi?" alimuuliza. "Hizo ni zangu." Akakata.

Jioni mama yao alipiga kutoka Maneromango. Alikuwa hana raha tangu asubuhi, akataka kumsikia mtoto wake wa mwisho. Flora alisita, lakini simu ilishachukuliwa mkononi mwake.

"Shikamoo, mama," ilisema sauti ya Kristina, ileile, na kicheko chake kilekile cha kukatika katikati. Macho yaliyomtazama Flora hayakupepesa hata mara moja. "Niko salama. Nimechoka tu na mji. Nataka kuja kukaa kwako."

"Marahaba, mwanangu," alisema mama kwa furaha. "Njoo. Nyumba hii ni yako."