Shuka Zilizogeuzwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Saynab aliwanywesha mbuzi wa baba yake kisimani, katika kijiji kimoja karibu na Bura. Asubuhi hiyo kisima kilitoa matope matupu. Vita vya shifta, waasi wa msituni, navyo vilikuwa vimepamba moto, na watu waliishi roho mkononi.

Ghafla filimbi zikalia. Askari walikuwa wamewazingira wanaume waliokuwa wakirudi kutoka uwandani. Miongoni mwao alikuwamo Diriye, baba yake, pamoja na Sheikh Yarrow.

"Wote wamegeuza shuka ndani nje!" alifoka Inspekta Muriuki, mgeni aliyeletwa juzi kutoka bara. "Hiyo ni alama ya shifta. Jioni lori litawapeleka kizuizini!"

Lo! Shifta gani? Wazee wa watu walikwenda kumwomba Mungu mvua, na desturi yao katika sala hiyo ni kugeuza shuka, ili Mungu naye augeuze ukame. Diriye alijaribu kueleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akasukumwa kwa kitako cha bunduki.

Saynab alikimbia nyumbani akilia. "Hooyo, nimwite Mchungaji Elkanah wa kanisani?"

"Yule ni mtu wa serikali," mama alijibu. Kisha akasema, "Nenda, mwanangu. Hatuna mwingine."

Aliyefungua mlango wa mchungaji ni Loise, binti yake. Yeye na Saynab walikaa dawati moja, lakini tangu vita vianze Saynab hakuwa akimsalimu. Aibu ilimjaa.

"Ingia," Loise alisema tu. "Baba yupo."

Mchungaji na Saynab walipofika kituo cha polisi, jioni ikikaribia, inspekta hakutaka kusikia lolote. "Mchungaji, usiwatetee hawa!"

"Sijaja kutetea, afande. Nimekuja kuuliza." Elkanah akamgeukia Sheikh Yarrow. "Sheikh, mmegeuza shuka kwa nini?"

Sheikh alieleza taratibu, asiache neno. Inspekta akamtazama Saynab kwa jicho kali. "Wewe mtoto! Wameanza lini mambo haya?"

Saynab akajibu, "Hata kabla ya vita, afande. Mvua ikikawia, wanageuza."

"Hata Nabii Eliya aliomba mvua," alisema Elkanah.

"Ilyas, amani iwe juu yake," sheikh akaitikia.

Inspekta akamgeukia sheikh. "Kumbe mnamjua Eliya?" Kisha akakunja uso tena. "Nikiwaachilia, nani atawadhamini? Mmoja akiingia msituni, mdhamini atalala humu."

Lori lilikuwa tayari linanguruma nje.

"Nitalala mimi," Elkanah alisema.

Machozi yalimlengalenga sheikh. "Ndugu yangu, tangu vita vianze sijakubishia hodi."

"Hata mimi, sheikh. Tumekosa sote."

Inspekta akaamuru mlango wa mahabusu ufunguliwe. Saynab alimrukia baba yake. Inspekta, sauti imemshuka, akauliza, "Na hiyo mvua, itanyesha lini?"

"Hilo, afande, muulize Mwenyewe," alijibu sheikh, na hata askari wakacheka.

Njiani sheikh alimwambia Saynab, "Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, mjukuu wangu. Inspekta alihukumu kabla ya kuuliza, ikabaki kidogo tuangamie. Mchungaji aliuliza kwanza, tukapona. Watu wa dini mbili wakinyamaziana, bunduki ndiyo inayozungumza."

Kesho yake Saynab alifika darasani mapema. "Loise, hujambo?"

"Sijambo," Loise alijibu, akamsogezea nafasi kwenye dawati.