Unanipenda Mimi au Wateja Wangu?

"Wamekuja watu wangapi kwenye mkutano wako?"

"Watano."

"Watano kweli, Tavaris?"

"Wawili walikosea chumba. Waliobaki walichukua piza wakaondoka."

Nilicheka mpaka chanuo likaniponyoka. Brielle, niliyekuwa namsuka, naye akacheka huku kichwa nimembana magotini. Tavaris alikuwa kasimama mlangoni pa chumba changu cha bweni na bango lake la HAKI YA HEWA, mnyonge kama kuku aliyenyeshewa.

Wiki tatu kabla ya hapo alikuwa mpenzi wangu. Tuliachana kwa sababu ya sentensi moja. Nilitoa wazo kwenye kikundi chake cha mazingira, naye akanikatisha mbele ya kadamnasi: "Jaliyah mpenzi, wewe suka nywele, mambo ya hewa tuachie sisi." Aliniambia hivyo mimi, ninayesoma kemia mwaka wa tatu! Mimi ambaye bibi yangu anaanika nguo jirani kabisa na ukuta wa kiwanda! Niliondoka siku hiyohiyo, na simu zake sikupokea tena.

"Haya, umefuata nini?" nikamuuliza.

"Alhamisi saa kumi jioni kuna kikao cha halmashauri cha kusikiliza maoni. Kuna kampuni inataka kujenga kiwanda kingine cha plastiki palepale Sorrel, mtaani kwa bibi yako. Halafu mjumbe mmoja wa halmashauri kasema redioni kwamba wanafunzi wa chuo chetu hawana habari, wanajua kucheza muziki tu."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Wewe una watu, Jaliyah. Kila msichana wa chuo hiki amekaa kwenye hicho kiti chako saa tano nzima."

"Kwa hiyo hukunifuata mimi. Umefuata vichwa."

Akalihamishia bango mkono wa pili.

"Jibu basi, kaka," Brielle akamchokoza. "Mwenzio anasubiri."

"Vyote viwili," akasema.

"Toka!"

Akatoka. Roho iliniuma, sitadanganya. Kama angesema "nimekufuata wewe" ningemvuta ndani na bango lake. Lakini vyote viwili? Mwanaume gani anakuja kuomba penzi na wateja kwa pamoja?

Hata hivyo shughuli ya Sorrel nikaibeba, kwa ajili ya bibi yangu. Bahati nzuri ilikuwa wiki ya sherehe za chuo, waliohitimu zamani wanarudi, bendi inapiga, na hakuna msichana anayekubali kuonekana na nywele za mwezi uliopita. Nikaanza na huyohuyo aliyekuwa mikononi mwangu.

"Brielle, wewe unacheza na bendi. Mwezi huu mazoezi yameahirishwa mara ngapi kwa ile harufu?"

"Ile ya mayai viza? Mara tatu! Mwalimu anasema ni mtaro."

"Mtaro gani unawasha macho?"

Akainua kichwa, akanigeukia.

"Kumbe ni kiwanda," akasema.

"Inamisha kichwa."

"Na ndiyo hicho wanataka kukiongezea kingine?"

"Ndiyo."

"Hapana, hawa wametuona wajinga. Kikao saa ngapi?"

"Saa kumi jioni. Usisahau."

"Nisahau nini na hizi nywele? Nilikuwa natafuta pa kuzionyesha!"

Ikawa hivyo wiki nzima. Anayekaa kitini hana pa kukimbilia, nywele zake zimo mikononi mwangu. Mmoja alibisha kwa saa mbili nzima, ya tatu akaanza kuuliza, alipoinuka alikuwa anawapigia simu wenzake wa chumbani.

Tavaris naye hakutulia. Jumatatu ujumbe ukaingia: "Wangapi mpaka sasa?" Sikumjibu. Baada ya dakika kumi ukaingia mwingine: "Samahani. Nilitaka kuuliza kama umekula." Nilipofungua mlango nikakuta bakuli la wali na maharage mekundu, bado la moto. Nikala mpaka nikalamba kijiko. Sikumjibu vilevile.

Alhamisi ukumbi ulifurika. Wasichana arobaini na mmoja, niliowasuka pamoja na wenzao waliowaita, na wengine wamewaburuta wapenzi wao. Bibi yangu Ernestine alikuwa mstari wa mbele na kofia yake ya njano ya kanisani. Kila msemaji alipewa dakika mbili.

"Tavaris Batiste!" mwenyekiti akaita.

Tavaris akashika kipaza sauti, akaitazama karatasi yake, kisha akaikunja.

"Watu hawa sikuwaleta mimi. Amewaleta Jaliyah Honoré. Wiki tatu zilizopita nilimwambia mbele za watu akasuke nywele, hewa atuachie sisi. Nilimkosea mbele za watu, basi namwomba msamaha mbele za watu. Jaliyah, nilikuwa mjinga. Nakupenda, hata kama usingekuwa na mteja hata mmoja."

"Weeee!" ukumbi mzima.

Mwenyekiti akagonga meza, miwani imemshuka puani. "Kijana! Kwa ajili ya kumbukumbu, unaunga mkono mradi au unapinga?"

"Mradi napinga. Jaliyah namuunga mkono. Dakika zangu zilizobaki nampa yeye."

"Imebaki moja na sekunde kumi."

Nilitamani kulia, nilitamani kumkumbatia. Lakini jamani, dakika moja! Nikaenda moja kwa moja kwenye kipaza sauti.

"Waheshimiwa, yule wa kofia ya njano ni bibi yangu. Amezaliwa Sorrel. Akianika shuka nyeupe, anaanua za kijivu. Tunaomba hewa ipimwe kwanza, majibu tuyasome sote, ndipo mzungumzie kiwanda kingine. Na yule aliyesema wanafunzi hatuna habari, tafadhali atuhesabu."

Wakasimama wasichana wote arobaini na mmoja. Mmoja pale meza kuu akainamisha macho kwenye makaratasi yake, nikajua ndiye yule wa redioni.

Baada ya saa nzima ya kunong'onezana wajumbe wakatangaza: kibali kimesitishwa, hewa ipimwe mwaka mzima. Brielle alipiga kelele kama timu yetu imefunga.

Nje, bibi akamshika Tavaris mkono.

"Wewe ndiye uliyemwambia mjukuu wangu akasuke?"

"Ni mimi, mama. Nimekoma."

"Unakula gumbo, mchuzi wangu wa bamia?"

"Nakula sana."

"Njoo Jumapili, baada ya kanisa."

"Bibi! Mimi sijamsamehe!"

"Mbona unapayuka? Nimemwita kula, sijamwita kuoa." Akaingia garini, akafunga mlango.

Tukabaki tunatazamana. Alitaka kusema kitu, nikamwahi: "Usinifuate. Nina mtu wa kusuka." Uongo mtupu, nilikwenda kujifungia nilie vizuri.

Kabla sijafuta machozi, ujumbe wa Tavaris ukaingia.

"Jaliyah, Jumapili nije kama nani? Mgeni wa bibi tu?"

Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nikabonyeza haraka kabla sijaogopa:

"Njoo kama mtu wangu."