Kilo Saba na Gramu Mia Nne

Ijumaa ile, jua likizama nyuma ya vilima vya Kasulu, Tharsisi alitoka kwenda kununua machungwa na chumvi. Basi, hilo tu. Ukimwona ungedhani ni mgonjwa wa kifua katoroka wodini: midomo imepasuka, macho yameingia ndani, anatembea akishika kuta. Kumbe ni bondia. Saa moja iliyopita alikuwa kapanda mizani ukumbini, kabaki na nguo ya ndani tu, mizani ikasoma sitini na tatu na nusu. Ndio uzito uliotakiwa, na watu walipiga makofi.

Kufika hapo alijikausha siku tisa. Kwao Busunzu, Kibondo, alikimbia kila mchana kavaa mifuko ya nailoni chini ya sweta. Siku mbili za mwisho maji aliyasukutua na kuyatema. Usimcheke, mabondia ndivyo wanavyofanya. Ukishapimwa, una usiku mmoja na mchana mmoja wa kuurudisha uzito kabla ya kengele, ili uingie ulingoni mzito kuliko karatasi inavyosema. Anayerudisha zaidi ndiye anayepiga zaidi.

Kocha wake, Pasikali, alikuwa na kopo la unga wa kujenga mwili, aliloagiza Dar. Aliutikisa kwenye chupa, Tharsisi akanywa, akatapika. Akampa chumvi za wagonjwa wa kuharisha. Akatapika tena. Na kesho yake saa kumi na moja jioni alikuwa anapigana na Floribert wa Kigoma mjini, kijana anayepiga tumbo mpaka mtu anasahau jina lake. Mshindi alikuwa anachukuliwa kwenye kambi ya mabondia Dar es Salaam. Tharsisi alikuwa na miaka ishirini na tisa. Nafasi nyingine isingekuja, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Sokoni walikuwa wanafunga. Kwenye kona ya wauza dagaa alibaki mama mmoja tu, Consolée, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Alikuwa anakunja turubai lake.

"Papa, umekauka sana," alisema bila kuinua kichwa. "Balikupima leo?"

Tharsisi alisimama. Hakuwa amevaa glavu wala fulana ya mchezo.

"Umejuaje, mama?"

"Benye kupimwa banapitaka hapa."

Akaingiza mkono chini ya magunia, akatoa kopo la bati lisilo na karatasi. Ndani mlikuwa na unga mweupe. Tharsisi akaunusa. Ulinuka maziwa... maziwa yaliyochachia kwenye mikunjo ya shingo ya mtoto.

"Makuta sitaki, pesa yako ubakie nayo," alisema Consolée. "Vijiko saba mu maji ya moto. Lakini ukoroge weye mwenyewe. Usimupatie mutu mwiko. Umesikia, papa? Mukono wenye kukoroga ndio wenye kutoa."

Alisikia. Alikuwa amekausha mwili, masikio hakuyakausha.

Chumba walichopanga kilikuwa uani, nyuma ya mashine ya kusaga. Humo alikuwa mkewe, Elieth, na binti yao wa miezi minane, Nadine. Utauliza, mwanamke mwenye mtoto mchanga kafuata nini kwenye ngumi? Kafuata kupika. Tharsisi alikuwa anaogopa kulogwa. Chakula cha hoteli hakugusa, akisema watu wa Floribert watamwekea kitu. Alikula cha mkono wa mkewe peke yake. Mtu anakimbia uchawi wa jirani, halafu anaubeba mwenyewe mfukoni hadi kitandani kwake.

Maji yalikuwa yanachemka. Tharsisi akamimina vijiko saba, akachukua mwiko.

Akausimamisha hewani.

Bibi yake mzaa baba alimlea kwa neno moja: mwanaume akishika mwiko, ngumi zake zinakuwa maji. Huko kwao hata mtoto wa kiume akiuchezea mwiko ananyang'anywa. Na yeye kesho alikuwa anazihitaji ngumi zile kuliko siku zote. Alimtazama Elieth. Elieth alikuwa anapanga vikombe, Nadine kafungwa mgongoni kwa kitenge, analala.

Maneno ya Consolée aliyakumbuka. Simtetei, aliyakumbuka vizuri sana. Alijiambia tu kwamba ni mambo ya Wakongo.

"Mama Nadine," alisema, "hebu nikorogee."

Elieth akapokea mwiko, akakoroga. Polepole. Mwiko ulikwaruza chini ya sufuria, *krrr*... *krrr*... Kila ulipozunguka, mtoto mgongoni alishusha pumzi. Mzunguko, pumzi. Mzunguko, pumzi. Chumba kizima kikanuka maziwa.

"Dawa gani hii inanuka kama mwanangu?" Elieth aliuliza.

"Unga wa mabondia."

Tharsisi akanywa sufuria nzima, na safari hii haukurudi. Uliteremka kwa uzito, ukatulia. Akalala saa hiyo hiyo, hata kobazi hakuvua.

Asubuhi aliamshwa na Elieth.

"Baba Nadine. Mtoto hajakaa mgongoni."

"Si huyo hapo?"

"Namwona. Simsikii."

Akakifungua kitenge, akamlaza Nadine kitandani. Mtoto alikuwa mzimamzima, mashavu yale yale, macho wazi, anawatazama. Elieth akamwinua kwa kidole kimoja. Akamrudisha haraka kama aliyeungua. Mashine ya kusaga ikaanza kazi huko nje, upepo ukapita chini ya mlango.

Mtoto akasogea.

Hakutambaa. Alisogea, kama unyoya wa kuku.

Walimpeleka ukumbini, kwenye mizani ile ile ya jana. Pasikali alikuwa pale. Alimpandisha kwanza bondia wake, mizani ikasoma sabini nukta tisa. Kocha akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Kilo saba na ushee kwa usiku mmoja. Kijana, leo Floribert anakufa."

"Kocha, mpime mama," alisema Tharsisi.

Elieth akapanda na mtoto: hamsini na moja nukta mbili. Akamkabidhi Pasikali mtoto, akapanda peke yake. Hamsini na moja nukta mbili. Pasikali, mikono yake ikiwa imembeba Nadine, akaacha kucheka. Alimtazama mtoto, akatazama mikono yake. Alimrudisha kwa mama yake, akatoka nje, wala hakuulizia tena habari hiyo mpaka leo.

Elieth akatoa kadi ya kliniki kwenye pochi. Jumatatu iliyopita, Busunzu, Nadine alipimwa kilo saba na gramu mia nne. Tharsisi aliishia darasa la tano, lakini hesabu ile aliipiga bila kalamu. Akajishika tumbo. Lilikuwa na joto.

Saa sita mchana walikuwa mbele ya Consolée. Alikuwa anapima dagaa kwa kopo, hakushtuka.

"Nani alikukorogea?"

"Mke wangu."

"Na mutoto alikuwa mu mugongo." Hakuwa anauliza. Alimimina dagaa kwenye mfuko, akampa mteja, akangoja aondoke. "Ungekoroga weye, ingekurudishia zako, zile ulitoa mu jasho. Kilo haitokake mu hewa, papa. Inatokaka ku mutu. Mutu mukubwa anajishikiliaka. Mutoto hajajua kujishikilia."

Elieth akapiga magoti pale pale kwenye magamba ya dagaa. "Mama, nisaidie. Mwana wanje... mwanangu..."

"Simama, mama. Zinarudi." Akamgeukia Tharsisi. "Vijiko saba tena. Safari hii korogea mutoto, na mukono yako. Umurambishe na kidole. Zitatoka kwako, zitarudi kwake, vile ziko saa ile. Umesikia? Vile ziko saa ile. Usiende nazo mu ngumi."

Sasa sikiliza. Ilikuwa saa sita. Maji yalikuwepo, kopo lilikuwepo, mwiko ulikuwepo. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika tano. Akiifanya, angeingia ulingoni na kilo sitini na tatu na nusu za mifupa mikavu, na Floribert angemvunja raundi ya kwanza. Dar ingekwenda. Asipoifanya...

Walirudi chumbani. Elieth akachemsha maji mwenyewe, akamwekea mwiko mbele yake.

"Koroga, Baba Nadine."

Tharsisi aliusukuma mwiko pembeni.

"Nikishuka ulingoni," alisema. "Saa moja tu ya mchezo, Mama Nadine. Hata haumwi. Mtazame, anacheka."

Nadine hakuwa anacheka. Elieth alimfunga mtoto kifuani kwa kitenge mara tatu, na juu yake akafunga khanga, asije akachukuliwa na upepo njiani.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Elieth alikaa mstari wa mbele, mikono yote miwili juu ya kifurushi kile. Raundi ya kwanza Tharsisi alipiga kama mtu anayepasua kuni. Kila ngumi ilikuwa na uzito ambao Floribert hakuutarajia, alirudi nyuma hadi kwenye kamba. Raundi ya pili vilevile. Pasikali alimmwagia maji, akamnong'oneza, "Atakuja tumboni sasa. Funika."

Raundi ya tatu Floribert akaja tumboni.

Ngumi ya kwanza ikaingia chini ya mbavu.

Mtoto akalia.

Kilikuwa kilio kile cha ghafla cha mtoto aliyebanwa kidole mlangoni. Mwamuzi akageuka, akasema mtoto atolewe nje. Watu wakatazamana. Elieth alikuwa kakaa palepale, Nadine kifuani, mdomo wa mtoto umefungwa, macho yake makavu yanamtazama baba yake.

Ngumi ya pili. Kilio kikatokea tena. Safari hii Floribert mwenyewe alikisikia kilikotoka: tumboni mwa Tharsisi. Alishusha mikono kidogo, akamtazama Tharsisi usoni, akataka kusema neno.

Wewe ungefanya nini? Mtu mwenye mwana angepiga goti. Angetupa taulo. Angeanguka tu, kuanguka hakuna gharama. Tharsisi aliiona ile mikono ya Floribert imeshuka, akaona nafasi, akapiga.

Floribert hakuanguka. Alikasirika. Raundi ya nne na ya tano alimpiga tumbo, na tumbo, na tumbo. Kila konde na kilio chake, na kila kilio kilikuwa kifupi kuliko cha kabla yake, kama betri inayokwisha. Elieth alihesabu. Thelathini na moja. Konde la thelathini na mbili liliingia, hakikulia kitu.

Raundi ya sita Tharsisi alimwangusha Floribert, akashinda.

Alivishwa mkanda wa bati, akanyanyuliwa mabegani. Alikuja kushuka saa moja na nusu. Elieth aliweka maji jikoni, akamwaga vijiko saba, akakaa ukutani. Tharsisi akashika mwiko kwa vidole vilivyovimba, mara ya kwanza maishani mwake, akakoroga. *Krrr*... *krrr*... Kila mzunguko kitu kilimtoka mgongoni. Akachovya kidole, akamrambisha.

Nadine akanyonya kidole. Godoro likabonyea chini yake.

Elieth alilia kwa furaha, muda mfupi tu. Alipomvua mtoto kinguo ili amtazame, tumbo lote lilikuwa la bluu na kijani, kuanzia mbavu hadi kitovuni. Zilirudi vile zilivyokuwa saa ile.

Jumatatu walimpeleka kliniki. Kilo saba na gramu mia nne, haikupungua hata gramu. Muuguzi, mgeni aliyehamishiwa kutoka mkoa mwingine, alilitazama tumbo la mtoto. Kisha akazitazama ngumi za baba yake. Akaandika kwenye kadi.

Dar alikwenda. Siku kumi na mbili tu. Kila alipoguswa tumboni mazoezini, kilio kile kilitoka tena, na wenzake wakagoma kucheza naye. Aliporudi alipitia Kasulu, akasimama mbele ya turubai la dagaa.

"Mwanangu halii," alisema. "Akianguka halii. Akichomwa sindano halii."

Consolée alikuwa na mteja, kijana mwembamba mwenye midomo iliyopasuka. Alimaliza naye kwanza.

"Kilio hakina kilo, papa," alisema. "Kilibakia kwako."

"Nikirudishe vipi?"

Alifuta mikono kwenye kitenge chake, akaanza kukunja turubai.

Tharsisi sasa analima maharage Busunzu. Halali kifudifudi, maana akilalia tumbo kinaanza, chini kwa chini, na Elieth anaamka kumtafuta mtoto gizani. Mtoto anakuwa kimya pembeni yake, macho wazi.

Nadine ana mwaka na nusu. Ana afya, mstari wa kadi yake unapanda vizuri. Anachekea majirani wote, anachekea mbuzi. Ila baba yake akiingia mlangoni, anaacha alichokuwa anachezea, anasimama. Anainua ngumi mbili, ya kushoto mbele ya jicho, ya kulia kwenye shavu. Kidevu anakiinamisha kifuani, viwiko anavibana vifunike tumbo. Hakuna aliyemfundisha.

Kisha anasubiri.